Sufuria ya Mama Tua

Savio alinipigia simu Jumapili asubuhi nikiwa ndani ya lifti na kapu la nguo, nikishuka kwenda kufua. Jengo letu la Thorncliffe Park lina lifti tatu na kila siku moja mbovu, kwa hiyo tulikuwa tumebanana: mimi, mama mmoja wa Kiafghani na wanawe, na kijana aliyeshika baiskeli imesimama wima kama mtu. Savio hakusalimia. Alisema kwa Kiswahili chake cha Mombasa, ambacho miaka yote ya Canada haijakichuja, "Zuhura, Mama Tua amekufa." Nikamwuliza Mama Tua yupi, kama mtu mwenye akina Mama Tua wengi. Akasema, "Tulikuwa na mmoja tu." Milango ikafunguka, wote wakatoka, mimi nikabaki ndani na kapu langu mpaka lifti ikanirudisha juu ghorofa ya kumi na saba bila kufua. Nilichostaajabia si kifo. Kwa hesabu yangu bibi yule angekuwa amepita tisini. Nilichostaajabia ni kwamba nilisahau hata kufua kwa ajili ya mtu ambaye kwa miaka thelathini nilikuwa nikijiambia kwamba alinifukuza nyumbani kwake kama paka.

"Njoo Markham ule chakula cha mchana," Savio aliendelea. "Lourdes ameenda kwa mtoto wetu, niko peke yangu. Kuna jambo la kukueleza na sitaki kulisema kwenye simu."

Niseme kwanza Savio ni nani kwangu. Ni Mgoa wa Mombasa, Mkatoliki, aliyekuwa karani wa meli kabla hajachoka na meza. Mimi ni Mpemba niliyeacha shule kidato cha pili kwa sababu dirisha la darasa lilitazama barabara, na barabara ilikuwa na mambo zaidi. Tulikutana Surabaya, Indonesia, yeye akinunua viungo kwa niaba ya Wahindi fulani, mimi nikipika kwenye meli ya mizigo iliyokwama bandarini. Nilimsikia akigombana na mchukuzi, akakosa neno, akatukana kwa Kiswahili. Nikacheka, na urafiki ukaanza hapo. Hatukuwa wapenzi. Ni yeye aliyenitangulia Toronto, ni yeye aliyenionyesha njia ya kuja, na kwa miaka thelathini kila nilipomtaja kwa watu nilimtaja kwa shukrani.

Mwaka ninaotaka kuusimulia ulianza kwa maneno yake matatu: "Twende ilikotoka karafuu." Alimaanisha visiwa vya Maluku, mashariki kabisa ya Indonesia. Mimi nilikua nikidhani karafuu imetoka Pemba, kama watu wote wa Pemba, na aliponiambia kwamba mbegu ya kwanza ilitoka mbali huko nilikasirika kama niliyeambiwa baba yangu si baba yangu. Kwa hasira hiyo na kwa udadisi nikafungasha. Tulipanda meli siku sita, kisha mashua ya mbao siku moja na nusu, kisha tukatembea. Kijiji sitakitaja jina. Kilikuwa na kanisa la bati jeupe, nyumba kama themanini, hakuna umeme, na mashua ya mjini iliyokwenda Jumatatu na kurudi Ijumaa. Nilipofika nikanusa. Makonyo, vijiti vya karafuu, yalikuwa yameanikwa barabarani juu ya majamvi, na harufu ilikuwa ileile ya Wete, msimu wa kuchuma, mimi nikiwa na miaka saba. Nilisimama nikalia mbele ya watu nisiowajua, na mwanamke mmoja mnene, mvi zote, akaja akanishika mkono bila kuuliza kitu. Huyo ndiye Mama Tua. Jina lake jingine lilikuwa Dorsila, lakini huko mwanamke wa makamo yake huitwa Mama Tua, mama mkubwa, na hakuna aliyemwita vinginevyo.

Alinipa chumba cha nyuma, kando ya jiko. Savio alilala kwa mchungaji. Chumba changu kilikuwa na kitanda cha mianzi, kalenda ya kanisa ya mwaka uliopita, na dirisha lisilo na kioo lililotazama kiwanja kitupu chenye migomba mitatu. Ukuta wa kati yangu na jiko ulikuwa wa mabua ya mti wanaoutumia kwa chakula, msago, kwa hiyo kila lililosemwa jikoni nililisikia. Siku ya kwanza nikasikia ugomvi. Mama Tua alikuwa akibishana na shemeji yake, na neno moja nililolielewa lilikuwa "Islam". Nikakaa kitandani nikasema, haya, hata jua halijatua nimeshaleta matata. Kijiji kizima kilikuwa cha Kikristo, na mimi si mcha Mungu wa kupigiwa mfano, lakini nguruwe sili. Kesho yake Mama Tua akapanda mashua kwenda mjini, safari ya kutwa nzima, akarudi Ijumaa na sufuria mpya ya alumini yenye mfuniko. Alikaa chini uani akachukua msumari, akachora mwezi mwandamo juu ya mfuniko, polepole, ulimi ukimtoka kidogo pembeni ya mdomo. Kisha akaitundika peke yake kwenye msumari uleule alioupigilia ukutani, mbali na vyungu vingine, akanionyesha kwa kidole. "Ya Nona," alisema. Nona ni binti. Akaelekeza kidole kwa shemeji, kwa mbwa, kwa nguruwe aliyefungwa nyuma ya nyumba, akatikisa kichwa kwa kila mmoja wao. Shemeji akasema jambo, wote jikoni wakacheka. Baadaye nilipojua maneno nikaelewa alichosema: kwamba yeye na nguruwe wamewekwa safu moja.

Sijui kama nimewahi kula vizuri kama mwaka ule. Asubuhi ndizi za kukaanga na chai chungu. Mchana uji mzito wa msago, mweupe, unanata kama gundi ya fundi, unausokota kwa vijiti viwili na kuutumbukiza kwenye mchuzi wa samaki wa manjano, kisha unaumeza bila kutafuna. Mara ya kwanza nilitafuna, na jiko zima likaniangalia kama niliyevaa kiatu kichwani. Jioni Mama Tua alinipikia wali kwenye sufuria yangu, kwa sababu aliona msago haunishibishi. Wali ulikuwa ghali pale. Tulizungumza Kimalay changu cha jikoni, na tulipokwama tulichezea maneno tuliyoyakuta pande zote mbili. Mimi nasema dunia, yeye anasema dunia. Sabuni, sabun. Wakati, waktu. Habari, kabar. Alifurahi kila mara kama mtu aliyeokota kitu chake nyumbani kwa jirani. "Nani kamwibia nani?" aliuliza. Nikamwambia sote tumewaibia Waarabu. Alicheka mpaka akaegemea ukuta na ukuta ukalia.

Tulichoenda kufanya ni kukodi mikarafuu. Kwetu Pemba hilo ni jambo la kawaida: unamlipa mwenye mashamba kabla ya msimu, mavuno yakija ni yako, mema au mabaya. Nilitia akiba yangu yote ya jiko la meli, Savio akatia yake, tukakodi mikarafuu sitini ya ukoo wa Mama Tua, mwendo wa saa mbili juu mlimani. Lakini fedha haikuwa ndiyo roho ya mambo. Mwezi wa tano tangu nifike, Mama Tua alinisimamisha dirishani pangu akanionyesha kile kiwanja chenye migomba mitatu. Akaniambia msimu ukiisha nijenge hapo. Si kwa kununua. Nijenge tu. Mimi niliyekuwa sijawahi kukaa mahali miaka miwili, ambaye kila nilipolala nilijua viatu viko wapi gizani, nilikitazama kiwanja kile nikagundua kwamba nataka. Nilitaka mlango. Nilianza kuhesabu mianzi. Hakuna kitu nilichowahi kukitaka hivyo kabla, na baada ya hapo hakuna tena.

Sasa nifike kwenye kosa. Lazima nilieleze vizuri kwa sababu watu wa hapa Toronto nikiwasimulia hudhani nilikuwa mjinga, na watu wa kwetu nikiwasimulia huniambia nao wangefanya vilevile.

Kila Jumapili kijiji kizima kiliingia kanisani na mimi nilibaki. Nilifua, nilipanda mlimani, nililala. Savio alienda, aliimba kwaya, alikuwa na sauti nene wakampenda. Mambo mazito yote ya kijiji yalitangazwa pale, na aliyekuwa akinifasiria ni yeye, akirudi. Jumatatu moja alipanda mashua alfajiri kwenda mjini kununua magunia, kwa kuwa karafuu zilikuwa karibu. Mimi nikapanda mlimani peke yangu. Matumba ya karafuu yalikuwa yameanza kupata wekundu. Anayejua karafuu anajua kwamba hapo huna siku nyingi: ua likichanua, karafuu imekwenda, unabaki na mpeta, tunda kubwa lisilo na bei. Nikakuta maua mawili yameshachanua kwenye mti wa kwanza. Nikafika mti wa pili, nikasimama.

Kwenye shina kulikuwa na kuti changa la mnazi limesukwa na kufungwa fundo, kitambaa chekundu, na chupa ndogo ya maji ya rangi isiyo wazi inaning'inia. Mti wa tatu, hivyohivyo. Miti ya ukingoni yote ilikuwa imefungwa.

Kwa mtu aliyezaliwa Pemba hilo halihitaji maelezo. Kuna mtu amekuroga. Ameweka kitu shambani kwako ili mavuno yako yaoze, au wewe uoze. Na kuna jambo jingine ambalo Mpemba analijua tangu utotoni: ukikuta kitu kama hicho huulizi. Ukiuliza jirani, huenda aliyekiweka ni jirani huyohuyo, na sasa amejua kwamba umegundua. Unanyamaza, unasoma ulichojaliwa kukijua, unakitoa, unakichoma moto, unatawanya majivu, unarudi nyumbani na uso wa kawaida. Nilifanya hivyo, kwa utaratibu, mti kwa mti. Nilisoma Ayatul Kursi kwa sauti. Nilizimwaga chupa. Nilikusanya makuti yote nikayawasha pale chini ya mkarafuu wa kwanza, na moshi ukapanda mweupe, kwa kuwa makuti yalikuwa mabichi, ukaonekana mpaka pwani.

Niliposhuka milango ilikuwa imefungwa. Mchana kweupe, nyumba themanini, milango imefungwa. Wanawake waliokuwa wakichambua samaki barabarani waliinuka na vikapu vyao wakaingia ndani. Nikafika jikoni. Mama Tua aliinua macho akaona masizi mikononi mwangu, akaketi chini palepale alipokuwa, juu ya udongo, kama mtu aliyekatwa miguu. Kisha aliinuka, akatungua sufuria yenye mwezi, akanipikia wali, akaniwekea mbele yangu, akaenda kukaa nje. Nilikula peke yangu nikijiambia: kumbe ni yeye. Kumbe aliyeniroga ni huyu. Ikawa hivyo mpaka Ijumaa: wali mbele yangu, yeye nje, nami siulizi.

Savio alirudi Ijumaa na magunia, na saa hiyohiyo tukaitwa kwenye ukumbi wa kijiji, paa la makuti lisilo na kuta, watu wote wamesimama pembeni kwenye jua. Yeye akanieleza haraka tukiwa tunatembea, amepauka. Yale makuti si uchawi. Ni sheria. Kila mwaka karafuu zikikaribia, kanisani hutangazwa kwamba zimefungwa, hakuna anayeruhusiwa kuchuma hata mwenyewe, mpaka siku maalumu watakapoomba na kuzifungua kwa pamoja. Kuti ndiyo alama. Ukilikata umekata sheria ya watu wote, wazima na waliokufa. Nikamwuliza, "Mbona hukuniambia?" Akasema, "Nami sikujua." Nikamwamini. Savio hakuwa mwongo.

Ukumbini waliketi wazee saba na mchungaji. Nilikaa juu ya jiwe. Walizungumza kwa maneno marefu, ya kizamani, na Kimalay changu kilijua chumvi na kuni tu. Niliona mzee mmoja akimwuliza Savio swali. Niliona Savio akijibu kwa neno moja. Kisha Mama Tua akasimama. Alizungumza muda mrefu. Alininyooshea kidole, akajipiga kifua, akanionyesha tena, akaonyesha nyumbani kwake, na machozi yalimtoka, na kila mtu akatazama chini. Shemeji yake aliondoka akarudi amebeba upatu mkubwa wa shaba wa nyumba yao, ule uliotundikwa sebuleni, akauweka mbele ya wazee. Nikadhani ninaapizwa. Mama Tua akamgeukia Savio akasema naye maneno machache, kwa upole, akaondoka bila kunitazama.

"Kasema nini?" nilimwuliza.

Savio alijifuta jasho. "Kasema uondoke. Hataki urudi nyumbani kwake. Mimi nitabaki nishughulikie mavuno, fungu lako nitakutumia."

"Mashua ipi?"

"Ya Jumatatu."

Siku zile tatu nililala kwenye banda la mashua. Asubuhi ya Jumatatu, nikiwa nimeshaingia chomboni, Mama Tua akaja gatini, anatembea haraka kwa mtu wa mwili wake, amebeba kitu kifuani kimefunikwa kitambaa cha kanga. Upepo ukainua kitambaa nikauona mfuniko. Kwetu mwanamke akiachwa hutolewa na vyombo vyake. Ukiona vyombo vyako mlangoni hakuna haja ya kusoma barua. Nikasema moyoni, hata sufuria hataki ibaki. Alininyooshea. Nikageuka, nikatazama bahari mpaka injini ikawaka. Sikugeuka tena. Baadaye visiwa vile vilipoingia kwenye mauaji baina ya wa misalaba na wa misikiti, nilikuwa nimekaa chumba cha kupanga hapa North York natazama habari, nikazima televisheni nikajiambia hayanihusu.

Nimeyaandika yote haya kwa jinsi nilivyoyajua mpaka Jumapili ile mchana.

Markham kwa basi ni kama saa moja na nusu ukibadilisha mara mbili, na kutoka kituoni unatembea mtaa mrefu usio na mtu, magari mawili mbele ya kila nyumba, theluji chafu ya Aprili imebaki kwenye vivuli tu. Savio alinifungulia akiwa amevaa aproni ya mkewe Lourdes. Amekonda. Aliniwekea wali wa nazi na samaki wa kopo, akaniambia ni halali, kisha akakaa mbele yangu na hakula.

"Pale ukumbini," alisema, "waliuliza swali moja tu. Waliuliza kama mgeni aliambiwa."

Nikaendelea kula.

"Mimi ndiye niliyepaswa kukuambia. Mama Tua alinishika mkono mlangoni pa kanisa, akasema, mwambie Nona leo hii, mambo haya makubwa kuliko Kimalay chake. Nikaitika. Halafu wanakwaya wakanipeleka kunywa tembo, nikalala, nikaamkia mashua. Niliporudi wakaniuliza, nikasema ndiyo. Nikasema uliambiwa."

Kijiko kilibaki hewani. Nilikiona kimebaki hewani.

"Aliyesikia kanisani na asiseme, kosa lilikuwa lake," alisema. "Tungepoteza mavuno yote. Na mimi ndiye ningefukuzwa, si wewe. Niliogopa, Zuhura. Nilikuwa na miaka thelathini na moja, nimeogopa."

"Na Mama Tua?"

"Yale makuti kwenye miti yetu aliyafunga yeye mwenyewe. Alipanda mlima kwa miguu yake ile. Kitambaa na chupa aliongeza vya kutishia wezi, kwa sababu alijua mgeni huibiwa kwanza." Alikunja pindo la aproni. "Na pale aliposimama alisema: huyu analala nyumbani kwangu. Kama hakujua, ni mimi niliyeshindwa kumwambia. Kama alijua, ni mwanangu, na kosa la mwanangu ni langu. Akatoa upatu wa nyumba yao. Ule ulikuwa wa kupigiwa wafu wao. Mtoto wa mchungaji kaniandikia, Mama Tua amezikwa juzi bila upatu."

Kuna mshtuko unaopiga kelele, na kuna ule unaokufanya uone vitu vidogo. Niliona bomba la sinki lina tone moja limening'inia. Niliona kalenda ya parokia ukutani, ya mwaka huu. Nikamwuliza jambo ambalo ndilo nililokuwa nikiliogopa tangu aanze kusema. "Mwisho alikugeukia. Alikuambia nini?"

Savio alitazama mikono yake. "Alisema, mwambie asiogope. Mwambie arudi jikoni, wali umeshaiva."

Sikumtukana, ingawa matusi ya Kipemba ninayo mengi. Nilikuwa nimekaa pale nikijaribu kumwingiza mtu huyu, mzee mwenye aproni ya maua, ndani ya yule niliyemshukuru miaka thelathini. Fungu langu la mavuno alinitumia lote, hakupunguza hata senti. Kwa fungu hilo nikaja huku. Alinipokea uwanja wa ndege na koti zito la baridi mkononi. Yote hayo ni kweli, na bado ni kweli.

"Ungerudi jikoni mngezungumza," alisema kwa sauti ndogo. "Ungejua."

"Na sufuria?"

"Nilimpokea mimi. Nisingeweza kumwacha amesimama vile. Alisema huko uendako hakuna atakayekuwa na chombo safi cha kukupikia. Ndani mlikuwa na wali na samaki, vya njiani."

"Ukavifanya nini?"

"Nikavila."

Nikacheka. Sijui kicheko kilitoka wapi, lakini kilitoka, na yeye akaogopa zaidi kuliko kama ningelia. Akainuka akashuka besimenti, nikasikia masanduku yakisogezwa, akapanda akihema, ameishika kwa mikono miwili. Alumini imekuwa nyeusi chini na mkono mmoja umebadilishwa. Mfuniko ulikuwa uleule. Mwezi mwandamo, umechorwa kwa msumari, ncha moja ndefu kuliko nyingine kwa sababu shemeji alimsemesha akiwa katikati.

"Muda wote huu imekuwa humu?"

"Mwanzo nilipikia mimi, nilipokuwa sina kitu. Halafu Lourdes akaizoea." Alisita. Naye ni mtu mzima, angeweza kukaa kimya, nami nisingejua. "Ndiyo anayopikia sorpotel ya Krismasi."

Sorpotel ni mchuzi wa nguruwe wa Kigoa, wa siki na pilipili, unakaa siku tatu ndiyo unakolea. Kila Krismasi nilikuja nyumba hii, nikakaa sebuleni nikala kuku wangu wa kununua, nikisikia harufu ya siki kutoka jikoni, nikimsifia Lourdes.

"Nipe mfuko," nilimwambia.

Alinipa mfuko wa duka. Mlangoni aliniuliza kama nitakuja tena. Nikamwambia sijui, na hilo lilikuwa jibu la kweli zaidi nililokuwa nalo. Nilipofika kwenye kona niligeuka. Alikuwa bado amesimama mlangoni na aproni. Safari hii niligeuka.

Ndani ya basi niliipakata. Msichana aliyekaa karibu yangu alitazama mfuko, akatazama uso wangu, akavua vipokea sauti masikioni akaniuliza kama niko salama. Nikamwambia niko salama. Nilikuwa nikihesabu. Kwetu tunafuata Imamu Shafi, na chombo kilichoguswa na nguruwe huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Maji ninayo. Udongo sina. Miaka thelathini ninaishi ghorofani katika nchi hii na sijawahi kuwa na udongo wake hata wa kujaza kikombe.

Mbele ya jengo letu kuna tuta la maua ambalo wakati ule lilikuwa na matope tu. Nilichuchumaa, nikanyoosha mkono, nikaurudisha. Nikaenda kugonga ofisini kwa msimamizi wa jengo. Ni Msomali aliyekulia Eastleigh, mtu wa ndevu nyekundu za hina, anayenung'unikia lifti kuliko sisi.

"Ule udongo wa pale nje una mwenyewe?" nilimwuliza.

"Mama, udongo wa kampuni. Kwani wataka kupanda nini?"

"Sipandi. Nataka kidogo, wa kuoshea chombo." Nikatoa sufuria mfukoni.

Akaitazama, akautazama mwezi wa kwenye mfuniko. "Nguruwe ama mbwa?"

"Nguruwe."

Hakuuliza ilikuwaje. Aliingia ndani akatoka na kijiko cha bustani na ndoo, tukaenda pamoja, akachimba mwenyewe, chini kidogo ambako mbwa hawajafika, akaukanda kwa vidole kuondoa mawe. "Anza na huu," alisema. "Usianze na maji matupu."

Nikapanda juu. Niliosha kwenye sinki, mikono imevaa matope mpaka kwenye viwiko, nikihesabu kwa sauti. Mara ya tatu nikaanza kulia, na mara ya tano nikaacha, kwa kuwa nilikuwa nikipoteza hesabu. Baada ya mara ya saba nikaifuta, nikapima mchele kikombe kimoja, nikaongeza nusu. Nikaiweka motoni, nikafunika mfuniko mwezi ukitazama juu, nikatoka kwenda kukaa chumbani, kitandani, mlango wazi, kama nilivyokuwa nikikaa nyuma ya ule ukuta nikisikiliza jiko. Maji yalichemka, yakatulia. Harufu ikaja mpaka nilipo.

Wali ulipoiva, nikarudi jikoni.